Pesa ya filamu ya kwanza mnaitoaga wapi? Nimekwama katikati

msimulizi_picha: Wakuu habari zenu. Nina skripti ya filamu ya dakika 80 hivi, nimeiandika miaka miwili, waigizaji wapo tayari na kamera kuna mshkaji ananiazima. Ndugu na marafiki walinichangia tukashuti siku nne, hela ikakata. Sasa kila aliyechanga anauliza inatoka lini. Nawaza nifungue kampeni ya mtandaoni, au nimkubalie jamaa mmoja anayetaka kuweka hela ila achukue asilimia 60. Mliopita huku nisaidieni, hii kazi naipenda sana sitaki ifie njiani.

prodyuza_mdogo: Pole mkuu. Hizo siku nne umeshaziediti? Kama bado anza hapo kabla hujaomba hata senti, toa dakika mbili zenye sauti safi, maana mtu akisoma skripti atakusifia tu ila akiona sura na kusikia sauti ndo anaingiza mkono mfukoni. Halafu usiombe pesa ya "filamu", omba ya hatua moja, mfano siku sita zilizobaki, na pesa ya kuediti na sauti itenge mapema usiiguse hata mvua ikiwaharibia siku ya kushuti. Mimi niliigusa, filamu ikalala kwenye hard disk mwaka na nusu, roho iliniuma sana.

Watu wanapenda kumtaja mwongozaji Robert Rodriguez, alitengeneza filamu yake El Mariachi ya 1992 kwa dola kama 7,000, sehemu ya hela aliipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa. Kweli kabisa, ila studio ya Columbia ya Marekani walipoichukua walitumia hela nyingi kuliko bajeti yote ili sauti na picha vifae kwa majumba ya sinema. Hiyo sehemu haisimuliwi.

mama_wa_seti: Naongezea kwenye kampeni. Kickstarter (tovuti ya kuchangisha hela, ipo tangu 2009) usipofikisha lengo hupati kitu, wachangiaji hawakatwi. Ukifikisha wanachukua asilimia 5 na makato ya malipo juu yake, kwa hiyo weka hayo kwenye hesabu pamoja na gharama za zawadi ulizoahidi. Kampeni mwisho siku 60. Na angalia kwanza kama nchi yako imo, sio zote zinaruhusiwa kufungua kampeni. Wiki ya kwanza inabebwa na watu wanaokujua mdogo wangu, waandae mapema mmoja mmoja kwa simu, ukisubiri wageni utalia.

Pia kuna mifuko kama Hubert Bals Fund ya tamasha la filamu la Rotterdam, Uholanzi, inasaidia filamu ndefu za Afrika, Asia, Amerika Kusini n.k. Ila majibu yao yanachelewa, usiipangie hela ambayo hujapewa.

prodyuza_mdogo: Na huyo wa 60 muulize, 60 ya nini? Ya mapato yote, ya faida, au ya umiliki? Kawaida mwekezaji anarudishiwa kwanza hela yake na kanyongeza kidogo, kinachobaki mnagawana nusu kwa nusu. Akitaka haki za skripti kaa nayo mbali. Na chochote mtakachokubaliana kiandikwe.

msimulizi_picha: Nashukuru sana wakuu, kumbe alikuwa anataka na skripti, nimemuuliza sasa hivi kakubali mwenyewe. Naachana naye. Leo usiku naanza kuediti, ila sauti ya siku ya pili imejaa upepo, kuna anayejua kuisafisha au nirekodi upya na waigizaji?

mama_wa_seti: Rekodi upya, wakiwa bado wanakumbuka walivyocheza.