Kaligrafia ya kuigiza: sehemu gani ya herufi inenepeshwe?

mgeni_wa_wino: Wakuu, habari zenu. Najifunza kaligrafia ya kuigiza: unaandika neno kwa mwandiko wa kuunganisha kwa kalamu ya kawaida, kisha unarudi kuchora mstari wa pili na kujaza katikati. Dada yangu anaolewa, nataka kadi yake niiandike mwenyewe. "Karibu" ya mstari mmoja inapendeza, lakini nikishanenepesha inakuwa nzito na haisomeki. Nanenepesha upande wa kulia wa kila herufi. Kanuni ni ipi?

mstari_mwembamba: Hongera kwa dada, mkuu. Achana na kulia na kushoto, fuata mwendo wa mkono. Mkono ukishuka, mstari unanenepa. Ukipanda, unabaki mwembamba. Tunaiga kalamu ya nibu ambayo ncha yake imepasuliwa. Ukiivuta kushuka huku ukiikandamiza, ncha inapanuka na wino unatoka mwingi. Kupanda lazima uilegeze, la sivyo inakwaruza karatasi na kurusha wino.

Chukua hiyo hiyo "Karibu". Nguzo ya K na mguu wake vinashuka. Kwenye a, tumbo la kushoto linashuka na mguu wa kulia unashuka. r na i zina mshuko mmoja mmoja, u ina miwili. Yenye kazi ni b. Nguzo yake haina ubishi, lakini tumbo linategemea unaliandikaje. Ukitokea chini ukazunguka kwa kupanda, upande wa kulia uache mwembamba. Ukiinua kalamu na kuliteremsha kutoka juu, unenepeshe. Yaani b mbili zinazofanana kabisa zinaweza kunenepa mahali tofauti! Ndiyo sababu napenda sana mwanzoni watu waandike polepole kwa penseli na kuweka vishale vidogo kila mkono unaposhuka. Vishale hivyo havidanganyi.

raba_na_rula: Niongezee: unene usianze ghafla. Kwenye kona ya juu mstari wa pili utoke ndani ya ule wa kwanza, upanuke taratibu, ukifika chini urudi kujificha humo. Mstari wa pili ukiusimamisha wima pembeni, herufi inaonekana imebandikwa kipande. Na unene uwe sawa neno zima.

mgeni_wa_wino: Asanteni sana. Vishale vimenifungua macho, kumbe nilikuwa nanenepesha hadi sehemu zinazopanda. Ila a na r sasa zimegusana.

mstari_mwembamba: Hapo nafasi ni ndogo tangu mwanzo. Andika neno likiwa limeachana kuliko ulivyozoea, ukirefusha vile vistari vinavyounga herufi, maana unene utakula nafasi. Matumbo ya a na b nayo yawe mapana, ukinenepesha kwa ndani yasizibe. Piga mistari kwa rula: wa kukalia herufi, wa kimo cha herufi fupi, na wa kimo cha nguzo.

Kwa kadi, jaza kwa kalamu ile ile uliyoandikia, wino mwingine utaonyesha tofauti ya rangi. Kama ni kalamu ya jeli, subiri ikauke kabisa ndipo ufute penseli. Jina la dada liandike kwanza kwenye karatasi ya pembeni, kwa ukubwa ule ule, uone linaishia wapi.