Injini inachomoka badala ya parachuti kufunguka: mnaifungaje?

MwlNzuguni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kuhusu kufunga injini kwenye roketi ndogo za mazoezi. Ni klabu ya sekondari hapa Dodoma, tunatumia injini za baruti za dukani C6-5 (kipenyo milimita 18, urefu 70; ile 5 ya mwisho ni sekunde za kusubiri kabla chaji ya parachuti haijalipuka), hatutengenezi za kwetu. Bomba la nje ni karatasi, kipenyo cha ndani milimita 24. Vibali vya kurusha vipo.

Roketi inapaa vizuri, injini inazima, zinapita sekunde 5, inasikika "pah!", halafu injini inatoka kwa nyuma huku pua (kifuniko cha ncha ya mbele) imeng'ang'ania palepale. Inarudi chini kama mshale. Imetokea mara 3 katika miruko 8. Tunaizungushia injini tepu ya karatasi ya wapaka rangi hadi ikaze ndani ya bomba lake dogo la ndani. Ajabu ni kwamba asubuhi inakaza hadi uisukume kwa nguvu, ikifika saa saba mchana injini ileile inaingia kwa kidole kimoja.

Tuachane na tepu? Kulabu ya chuma ya kushikilia injini inaweza kutengenezwa hapahapa? Na mwakani tunataka kwenda injini kubwa zaidi, D12 ya milimita 24. Hofu yangu kubwa ni nyasi. Mwezi wa nane huku zimekauka kabisa, na ganda la injini linalotoka roketini ni la moto.

---

FundiKizota

Mwalimu, kabla hujagusa injini, shika pua kwanza.

Chaji ya kufungulia parachuti ni baruti nyeusi kidogo iliyo mbele ya injini. Gesi yake haichagui upande. Inasukuma pua kwenda mbele na injini kwenda nyuma kwa wakati mmoja, na mlango uliolegea zaidi ndio unaofunguka. Piga hesabu: uso wa mbele wa injini ya milimita 18 una sentimita za mraba 2.5, kwa hiyo kila bar moja ya shinikizo inaivuta injini kwa nguvu ya kama kilo 2.5. Pua yako ya milimita 24 ina sentimita za mraba 4.5, yaani kilo 4.5 kwa bar hiyohiyo. Pua tayari ina faida ya karibu mara mbili! Ikiwa bado injini ndiyo inashinda, basi ama pua imekaza mno, ama kuna kitu kimeziba njia katikati.

Joto la mchana linakuharibia pande zote mbili. Bomba la karatasi likikauka hupungua, pua ya plastiki ikipata jua hutanuka, hivyo pua inakaza zaidi saa saba kuliko asubuhi. Huku nyuma ganda la injini nalo ni karatasi, linakauka na kusinyaa, na gundi ya tepu inalainika. Ndiyo maana kipimo cha asubuhi hakifai. Pima pale pale uwanjani, dakika chache kabla ya kurusha.

Kipimo cha pua: inua roketi kwa kushika pua, isichomoke. Igeuze pua iangalie chini, itikise kidogo, ianguke. Isipoanguka, piga shingo ya pua msasa namba 400 mzunguko mzima, jaribu tena. Ikilegea mno ongeza kipande kimoja cha tepu, si mzunguko mzima.

Kisha angalia parachuti. Ikunje iingie kwa kupulizwa na mdomo kutoka nyuma. Ukiishindilia kwa kalamu, umetengeneza kizibo. Paka poda ya mtoto ili plastiki isigandane kwa joto. Kwa kinga ya moto chini yake, kama huna karatasi maalumu isiyoshika moto, jani bichi la kabichi lililochanwa vipande linafanya kazi. Weka kina cha mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba, lisibanwe.

Sasa injini. Tepu ya msuguano ndani ya bomba pekee mimi siishauri kwa hali ya hewa ya huku. Ganda la injini linapata moto zaidi BAADA ya mafuta kuisha, yaani katika zile sekunde 5 za kusubiri. Gundi ya tepu inalainika muda uleule unapoihitaji. Badala yake funga kiungo kwa nje:

1. Gundisha pete ya kuzuia ndani ya bomba la injini, mbele, ili injini ikisukuma isipite kwenda juu.
2. Acha injini itokeze nyuma milimita 6, na bomba la injini nalo litokeze angalau milimita 6 nje ya mwili wa roketi.
3. Futa sehemu zote mbili kwa kitambaa kikavu. Vumbi jekundu la huku ndilo adui namba moja wa tepu.
4. Zungusha tepu ya milimita 12 mara tatu, nusu ikiwa juu ya ganda la injini na nusu juu ya bomba. Sugua kwa kucha hadi mpaka wa kiungo uonekane kama mstari chini ya tepu.

Hapo tepu inavutwa kwa upana wake. Haitegemei msuguano tena, ndiyo maana inashika. Tepu mpya kila mruko.

Ukitaka uhakika, chukua ganda lililokwisha kutumika na kupoa, toboa tundu kupitia kuta zote mbili karibu na mwisho wa nyuma, pitisha msumari, lifunge kama kawaida, halafu ning'iniza ndoo yenye lita 5 za maji. Likibaki dakika moja, umefika. Usifanye hivi kwa injini nzima.

---

Ihumwa_24mm

Nakubaliana na Fundi kuhusu pua. Kwa klabu inayorusha mara nyingi lakini, kulabu ni bora, maana mwanafunzi akisahau kusugua tepu hakuna anayeiona kasoro.

Unaitengeneza kwa ukanda wa chuma wa kufungia mizigo, ule mwembamba wa nusu milimita unaotupwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kata upana wa milimita 4, piga kingo tupa. Kunja ncha ya mbele nyuzi 90, urefu milimita 3. Pima milimita 70 na nusu, kunja ya nyuma upande uleule, milimita 4, na acha ulimi mdogo wa kushika kwa kidole. Ile nusu milimita ya ziada usiidharau. Ikikosekana, injini haiingii na mtoto ataikunja kulabu kwa plaizi.

Kwenye bomba la injini chana ufa wa milimita 4 kwa wembe, milimita 6 kutoka mwisho wa mbele, ingiza ncha. Mbele ya ncha gundisha pete ya kuzuia. Wengi wanaiacha pete wakidhani ncha ya kulabu inatosha. C6 ikisukuma mara kadhaa ncha inachana karatasi kwenda mbele, na siku moja injini inapanda hadi kwenye parachuti.

Funga katikati ya kulabu kwa mkanda wa karatasi na gundi ya seremala, nusu ya nyuma ibaki huru icheze. Pete ya nyuma inayoshikilia bomba la injini ikatwe pengo la milimita 5 juu ya kulabu. Tone moja tu la gundi likiingia chini ya chuma, kulabu hainyanyuki tena.

---

MwlNzuguni

Asanteni sana wakuu. Pua zetu kweli hazianguki hata nikitikisa, nimezijaribu sasa hivi. Kwa D12 kulabu ileile itafaa?

---

FundiKizota

Urefu ni uleule milimita 70, kwa hiyo itaingia. Ila baadaye ukitaka E12, hiyo ni milimita 95, na kulabu imekufungia mlango. Tena uso wa milimita 24 ni sentimita za mraba 4.5, mvuto kwa nyuma unakaribia mara mbili. Hapo tumia bolti.

Bomba la nje liwe na kipenyo cha ndani kuanzia milimita 45. Pete ya nyuma iwe plaiwudi ya milimita 3. Toboa matundu mawili yanayotazamana, kila moja milimita 18 kutoka katikati. Pitisha bolti za M3 zenye urefu wa milimita 20 kutoka upande wa mbele, vichwa uvifunike kwa epoksi KABLA ya kuingiza pete kwenye roketi, kwa sababu baadaye huvifikii. Kata vibamba viwili vya alumini ya milimita 1, kila kimoja kishuke juu ya ukingo wa ganda milimita 2 tu. Kikizidi kinaingia kwenye njia ya moto. Kaza kwa nati yenye nailoni ndani, kwa mkono hadi ishike, kisha robo mzunguko. Ukibana mno unaliponda ganda.

Epoksi ya dakika 5 inalainika kwa joto. Karibu na injini tumia ile ya saa 24.

---

Ihumwa_24mm

Nyongeza mbili. Bolti na vibamba ni uzito wa nyuma kabisa, kwa hiyo tafuta upya kitovu cha uzito injini ikiwa ndani: kikae mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa (pale nguvu za hewa juu ya roketi zinapokusanyika) kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba. Kikirudi nyuma, weka udongo wa kufinyanga ndani ya pua.

Na injini zisiachwe ndani ya gari juani. Baruti iliyobanwa ikipata joto na kupoa mara kwa mara huachana na ganda, na ikiwashwa moto unapita pembeni, injini inapasuka. Hapo hakuna kulabu wala bolti itakayosaidia. Kuhusu nyasi, fyeka na uzungushe maji mita 5 kuzunguka jukwaa, ndoo mbili na matawi mabichi viwe karibu. Upepo ukianza kuinua vumbi, ahirisha hadi kesho asubuhi.

---

MwlNzuguni

Jumamosi tunaanza na msasa na ndoo ya lita 5. Kulabu ya kwanza nimeshaikata, imetoka milimita 69, naikata nyingine.