Ruta yenye diski ndani kwa picha za harusi: ninunue au niache?

DadaPicha:
Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Napiga picha za harusi na sendofu, ofisi iko Sinza. Natumia MacBook na imejaa, kila siku inanidai nafasi. Kuna kijana Kariakoo ananiuzia Time Capsule ya Apple iliyotumika, ile nyeupe bapa ya terabaiti 2. Anasema ni ruta na bakapu humo humo, picha zinaingia zenyewe kwa waifai huku mimi nahariri. Je, haitanilia bando? Na umeme ukikatika katikati inakuwaje? Harusi ya mtu hairudiwi ili nipige tena. Bibi harusi akija mwakani kutaka albamu nyingine, nataka nizikute picha zake.

FundiMsimbazi:
Dada, bando haliguswi. Picha zinatoka kwenye laptopu kwenda kwenye diski iliyo ndani ya ruta, zote ziko hapo hapo ofisini. Hata intaneti ikilala siku nzima, bakapu inaendelea. Ila haina sehemu ya kuweka laini, utaiunga kwa waya na kifaa chako cha faiba.

Umri wake uuangalie. Apple walianza kuziuza 2008, mwaka 2013 bapa zikapisha ile ndefu ya kusimama, na 2018 wakaacha kabisa. Kwa hiyo, hiyo imeshapita miaka kumi. Pawa saplai na diski vimebanana kwenye kiboksi kimoja, na joto letu hili unalijua. Mwambie aifungue mbele yako: ile raba ya chini inapashwa kwa drai ya nywele mpaka ibanduke, skrubu ziko chini yake. Ukikuta kapasita, vile vipipa vidogo vya kwenye saketi, zimevimba vichwa kama maandazi, mrudishie.

Lakini hofu yangu kubwa ni hiyo laptopu iliyojaa. Time Machine, programu ya bakapu iliyomo kwenye Mac, inanakili kilichomo kwenye laptopu: inatunza nakala za kila saa kwa saa 24, za kila siku kwa mwezi, halafu za kila wiki. Diski ikijaa, inafuta za zamani zaidi. Sasa ukifuta picha kwenye laptopu ili upate nafasi ukitegemea zipo kwenye ruta, iko siku zitaondoka na huko, na hutapata nakala popote. Nakusihi usifanye hivyo.

TabataMtandao:
Naungana na fundi. Time Capsule inaongea na Mac kwa njia ya zamani, AFP, ambayo Apple wenyewe wametangaza kuachana nayo. Bora ruta mpya yenye tundu la USB. Baadhi ya TP-Link na ASUS zinakubali Time Machine, ila hakikisha modeli kabla hujalipa. Diski unachomeka kwa nje, ikifa unabadilisha diski tu.

DadaPicha:
Nimewaelewa. Na umeme?

FundiMsimbazi:
Umeme ukikatika wakati inaandika, laptopu ina betri, ruta haina. Nakala inaweza kuharibika, na Mac ikakutaka uanze bakapu yote upya. Weka UPS ndogo, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika, ruta haili umeme mwingi. Bakapu ya kwanza ifanye kwa waya usiku, kwa waifai utachoka kusubiri.

Picha za wateja zitengenezee njia yao. Nunua diski mbili za nje. Kila harusi inakiliwe kwenye zote mbili, ufungue picha kadhaa kila upande uone zinafunguka, ndipo uformati kadi ya kamera. Moja ikae ofisini, nyingine nyumbani. Mwizi akiingia Sinza au maji ya mvua yakaingia, hayatafika kote kwa siku moja.

DadaPicha:
Asante sana kaka. Kadi za Jumamosi bado sijaziformati, basi zikae hivyo hivyo. Naanza na diski mbili, ruta itasubiri. Nitajuaje kama diski ni mpya kweli? Wengine wanazifunga upya kwenye boksi.

FundiMsimbazi:
Mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta ya Windows, afungue CrystalDiskInfo, ni programu ya bure. Inaonyesha saa ambazo diski imewahi kuwashwa. Mpya inasoma sifuri au karibu na hapo. Ikisoma maelfu, imeshatumika. Akikataa kuichomeka, nenda duka lingine.