Roboti moja ichomelee na ibebe mzigo, au ninunue mbili?

Chuma_Moto
Wakuu habari. Karakana yetu inatengeneza fremu za mabomba ya chuma, tunachomelea MIG (kwa waya unaojilisha wenyewe) alafu fremu inatolewa kwenye jigi, yaani kishikio kinachoyapanga mabomba, inapangwa kwenye paleti, moja ina kilo 9 hivi. Bosi anataka roboti moja ifanye yote. Nimeangalia FANUC ARC Mate 100iD na Yaskawa AR1440, zote zinabeba kilo 12, mkono unafika kama mita 1.44, na kuna mtu kanishauri UR10e, roboti ya kufanya kazi karibu na watu, eti haihitaji uzio. Naombeni mawazo.

waya_08
Hizo mbili za kwanza ni mapacha mkuu, usikeshe kuzilinganisha. Zote kebo ya tochi ya kuchomelea inapita ndani ya mkono, na kwenye kuchomelea hilo ndo la kuangalia maana kebo ikining'inia nje inanasa kwenye jigi, inajikunja, waya unaanza kukwama na arki (moto wa umeme unaoyeyusha chuma) inakatika katikati ya mshono. We uliza nani ana spea karibu na nani atakuja roboti ikisimama. Na mafundi wako wamezoea lugha ipi ya kuiprogramu roboti, FANUC wana TP, Yaskawa INFORM, ABB RAPID, KUKA KRL, ukitoka moja kwenda nyingine unajifunza upya.

mzigo_mzito
Mi kazi yangu ni kubeba. Hizo kilo 12 ni pamoja na gripa, mkono wa kushikia mzigo, ndugu!! Fremu 9, gripa ya kushika fremu ndefu hivyo ikiwa kilo 5 ushapita. Na hata uzito ukitosha bado angalia mzigo umekaa mbali kiasi gani na flenji (mwisho wa mkono zana inapofungwa), kwenye mwongozo kuna mchoro wake, sisi hatukuuangalia na roboti ikawa inapiga alamu kila ikigeuza mzigo kwa kasi, tukapunguza mwendo mpaka faida yote ikaisha. Ukilazimisha moja basi angalau ARC Mate 120iD, kilo 25 na mita 1.83. Usiende kwenye KUKA KR 210, ile ni kilo 210, ni ya bunduki za kuchomelea kwa nukta (spot) na mizigo ya kweli.

Chuma_Moto
Na nikiweka kibadilisha zana, iache tochi ichukue gripa?

waya_08
Inawezekana, ila kila ikirudisha tochi lazima uhakikishe ncha ya waya iko palepale, na muda inaobeba haichomelei. Mi ningeweka meza ya kuzunguka yenye pande mbili, fundi anatoa na kupakia upande huu roboti inachoma ule, katikati kuna kizuizi cha kuzuia mwanga wa arki. Kubeba utanunulia mkono wa pili kazi ikikua.

Kiungo6
Hilo la UR10e kutohitaji uzio naomba nilisahihishe kabla mtu hajaumia. Mkono wenyewe ukikugusa unasimama, sawa, lakini mwanga wa arki, cheche, moshi na ncha ya moto havisimami. Tathmini ya hatari inaangalia kazi nzima sio mkono peke yake, ISO 10218, kiwango cha usalama wa roboti za viwandani, iko wazi hapo. Kwa oda ndogo ndogo zinazobadilika kila wiki naipenda sana, unaushika mkono unaufundisha njia, ila inafika mita 1.3 tu.

Alafu hakuna aliyemuuliza mabomba yanakatwaje. Roboti kama ARC Mate 100iD inarudi palepale kwa ±0.02 mm, bomba likiwa fupi milimita mbili inachoma hewa bila wasiwasi wowote. Kuna kutafuta kwa kugusa na ncha ya waya, kuna kufuata mshono kwa kusoma mkondo wa umeme wa arki huku tochi ikiyumbishwa kushoto na kulia, zinasaidia kujua kiungo kiko wapi, lakini pengo kubwa linabaki pengo.

Chuma_Moto
Nimepima mabomba 20 asubuhi hii. Tofauti inafika milimita 3. Nimemwambia bosi tuanze na msumeno na jigi, na meza ya pande mbili kaielewa nilipomchorea.