Tupeane uzoefu: umewahi kufanya kazi na mtu "mwenye mambo yake" ofisini?

#1
Wakuu, habari za kazi.

Naomba tuelezane kuhusu wale wenzetu wa ofisini ambao kila mtu akiwataja lazima aongeze "yule ana mambo yake." Sisemi wavivu wala wafitini. Nasema mchapakazi kabisa, mwenye akili zake timamu, ila namna anavyofanya mambo haifanani na ya mtu mwingine yeyote.

Naanza na wangu. Nilipoajiriwa chumba cha uhasibu niliwekwa jirani na mzee aliyebakiza miaka minne astaafu. Asubuhi alikuwa haongei. Ukimsalimia kabla ya saa nne anainua mkono, basi. Kila karatasi aliyoisoma aliitia kidoti cha penseli kwenye kona ya juu. Akiisoma tena, anaongeza cha pili. Nimewahi kukuta vocha ina vidoti saba. Ukiazima penseli yake ukairudisha pasipo mahali pake hasemi kitu, anaipanga upya taratibu, halafu anaendelea na kazi.

Nilidhani ananidharau. Mwezi wa pili nikaenda kwa mkuu wa kitengo kuomba nihamishwe meza. Akaniambia tumalize kwanza kufunga hesabu za mwezi.

Enzi hizo leja tulikuwa bado tunaziandika kwa mkono. Siku ya kufunga, hesabu zikagoma kulingana: debiti na krediti, pande mbili ambazo jumla zake lazima ziwe sawa, zinapishana kwa 3,600. Nimepitia leja mara mbili, jua limezama, sioni kosa. Mzee akageuka, akauliza neno moja tu: "Kiasi?" Nikamtajia. Akaandika 3,600 pembeni ya gazeti, akagawa kwa 9, akapata 400. Akasema, "Umegeuza tarakimu. Angalia penye maelfu na mamia, tafuta mbili zinazopishana kwa nne."

Haikufika dakika kumi. Vocha ilisema 17,350, mimi kwenye leja nimeandika 13,750. Vocha yenyewe haikuwa na kidoti hata kimoja. Ilipita kwangu, haikupita kwake.

Baadaye alinifundisha: tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea lazima igawanyike kwa 9. Kugawanyika kwa 9 peke yake si ushahidi, lakini ndipo pa kuanzia. Usipopata kitu hapo, gawa kwa 2, utafute kiasi cha nusu hiyo kilichoingizwa upande usio wake. Tangu siku ile sijawahi kuanza kutafuta kosa bila kugawa kwanza. Na siku moja nikajipa moyo nikamuuliza kuhusu kunyamaza kwake. Akanijibu, "Asubuhi hesabu zimejaa kichwani. Nikifungua mdomo zinamwagika."

Sikuhama meza. Haya, karibuni.

#2
Mkuu umenikumbusha mama mmoja wa masijala. Faili likitoka, kama kawaida anaweka kadi mahali pake: namba, jina la aliyelichukua, tarehe. Yeye aliongeza na hali ya mtu: "ana haraka", "amenuna", "ameshika mwavuli". Tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

Likapotea faili la mtumishi aliyekuwa anasubiri mafao yake, na kila aliyeulizwa anasema alishalirudisha. Mama akatoa kadi: "ana haraka, anaelekea kikaoni." Wakaenda chumba cha mikutano, likakutwa limelala chini ya rundo la ajenda za zamani. Mtu alikaribia kukosa haki yake ya miaka yote ile. Tangu hapo hakuna aliyecheka tena.

#3
Mimi niko kwenye mambo ya programu. Kuna kijana alikuwa anaongea na bata wa mpira, wale wa kuchezea watoto bafuni. Anamweka mbele ya kompyuta, anamweleza msimbo mstari kwa mstari: "hapa nachukua orodha, hapa naipanga, hapa narudisha..." halafu ghafla ananyamaza, anarekebisha.

Niliogopa, nikadhani kazi imemzidi. Kumbe ni njia inayojulikana sana kwa watu wa fani yetu. Ukilazimika kulieleza jambo kwa sauti kwa asiyejua chochote, unasikia mwenyewe mahali uliporuka. Nami siku hizi naeleza, ingawa naielezea kalamu.

#4
Nitatofautiana kidogo na waliotangulia. Si kila tabia ngeni ina hazina ndani yake, na tukisema hivyo tunawaonea wanaoumia.

Mwenzangu alikuwa na daftari dogo la kijani. Kila ninachosema, hata kwenye simu na mama yangu, anaandika na saa yake. Nikikohoa, anaandika. Miaka miwili! Nilifika mahali natoka nje kupokea simu hata mvua inanyesha. Wenzetu wakaniambia nimzoee, ndivyo alivyo.

Nikamwita pembeni, bila watu, nikamwambia wazi kwamba lile daftari linaninyima usingizi. Alishtuka kweli, naamini hakuwa anajua. Akaniambia amekuwa akiandika hivyo tangu shuleni kwa sababu anasahau sana na anaogopa kulaumiwa. Nilimwonea huruma. Siku tano akaacha, ya sita daftari likarudi mezani. Hapo ndipo nilipoomba kuhamishwa idara. Sijutii na simchukii. Ila pole zangu kwake hazikuweza kunirudishia utulivu wangu.

#5
Nakubaliana na #4, lakini nitie neno. Kuna mwanahisabati wa Hungaria, Paul Erdős (1913–1996), aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake bila makazi ya kudumu. Alikuwa anafika kwa mwenzake na begi lake, na papo hapo anataka hesabu zianze, usiku au mchana, huku mwenyeji ndiye anashughulika na chakula na nguo zake. Mgeni mzito huyo. Hata hivyo walioandika naye makala za kitaalamu wamepita 500. Walimpokea kwa sababu kazi iliyokuwa inatoka ilikuwa ya wote wawili. Mimi hapo ndipo ninapopimia: je, na mimi ninapata kitu, au nabeba tu?

#6
Mleta uzi nimerudi. #4 pole sana, na asante kwa kueleza ulivyomwambia, maana ndicho nilichokuwa nakihitaji bila kujua.

Hapa kwetu ameletwa binti mpya, wiki ya pili sasa. Anafanya kazi amesimama, na akipokea simu anazunguka chumba kizima huku anagusa kila kiti kwa kidole. Kazi yake safi. Jana nimesikia vijana wawili wanamwiga kwenye korido, na yeye alikuwa anakuja nyuma yao.

Vijana nimeshaongea nao leo. Yeye nitamtafuta kesho baada ya saa nne, nimuulize viti vinamsaidia nini, na kama kuna kitu sisi tunafanya kinachomsumbua. Nitaleta mrejesho.