Mnaokata majina ya wachoraji wa vibonzo Kisumu, komeni!

Wadau, salamu kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha.

Kuna ukurasa mmoja mtandaoni wenye wafuasi wengi, unaojiita mtetezi wa wasanii wa magharibi ya Kenya. Kazi yake ni kutoa habari za vibonzo vyetu sisi tunaojichapishia: nani ametoa toleo jipya, nani atauza wapi Jumamosi, pamoja na picha za kuonjesha. Picha hizo tunawatumia sisi wenyewe, bure, kwa moyo mweupe. Juzi waliniomba kurasa za hadithi yangu mpya. Ni hadithi ya msichana wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, anayechukua mashua ya marehemu babake na kuingia ziwani usiku kuvua omena, jambo ambalo wazee wa ufuoni hawataki hata kulisikia likitajwa kwa mwanamke. Niliwatumia kurasa zikiwa na ubora kamili, jina langu, jina la mwenzangu anayeandika maneno, na namba ya kuagizia nakala.

Walichoweka ni fremu moja iliyokatwa mraba. Sahihi yangu, iliyokuwa kona ya chini kulia, haipo. Jina la mwandishi halipo. Namba haipo. Juu ya anga niliyoipaka rangi kwa mkono wangu wamebandika nembo yao, na chini wameandika "Vipaji vya Kisumu". Basi.

Vipaji vya nani? Watu wakauliza kwenye maoni, "Hii inapatikana wapi?" Hakuna aliyejibiwa. Watu walikuwa tayari kununua, hela mkononi, wakakosa pa kuzipeleka.

Kisha yakaja ya fulana. Binamu yangu alinitumia picha kutoka kwenye tamasha moja hapa mjini: msichana wangu na mashua yake wamechapwa kifuani, fulana zimetundikwa, zinauzwa. Nikampata muuzaji kwa simu. Hakuwa mkali. Aliniambia aliitoa mtandaoni, na kwa kuwa haikuwa na jina alijua haina mwenyewe. Alikosea, na nimemwambia hivyo, lakini hasira yangu kubwa siyo kwake. Ni kwa aliyekata jina, kwa sababu ndiye aliyeigeuza kazi yangu kuwa mali ya kuokotwa.

Nilipomwandikia msimamizi wa ukurasa alinijibu: "Dada, si tumekutangaza? Wenzako wanalilia nafasi kama hiyo."

Kumtangaza mtu bila kumtaja ni kutangaza nini? Nimemuuliza na bado nasubiri jibu.

Na siyo mimi peke yangu. Rafiki yangu wa Nakuru alichora mfululizo kuhusu ziwa lilivyopanda na kumeza barabara na lango la mbuga, na ndege heroe walivyohama. Ukurasa wake mmoja umekuzwa na kubandikwa ukutani kwenye hoteli, jina limefutwa kabisa. Mwingine wa Kakamega anachora hadithi za mafahali wa kupigana wa Isukha na Idakho. Fahali wake sasa yuko kwenye mabango ya watu asiowajua. Siku hizi hata kuficha sahihi ndani ya mchoro hakusaidii. Mimi nilikuwa naiandika ndani ya mawimbi ya maji. Simu za sasa zinafuta maandishi kwa kidole, na anayefuta anajua fika anachofuta.

Wanaosema "ni picha tu" hawajui ukurasa unavyotengenezwa. Unaanza na hadithi, halafu mchoro wa haraka wa kupanga fremu, penseli, wino, skani, rangi, na mwisho maneno kwenye viputo, ambayo yakizidi unarudi kuchora upya kwa sababu kiputo kimefunika uso wa mtu. Hapo hujachapisha. Kitabu cha kubana kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, kwa hiyo hadithi ya kurasa 22 utailipia 24. Ukichapisha nakala chache, kila nakala inakuja ghali. Ukitaka bei ishuke, mwenye mashine anataka uchukue mzigo mkubwa ambao huna pa kuuweka wala hela ya kuulipia. Juu yake kuna kodi ya VAT ya 16% ambayo sheria ya 2013 iliiweka hata kwenye vitabu. Duka hatuna, wakala hatuna, kampuni nyuma yetu hatuna. Jina lililoandikwa pembeni ya fremu ndilo duka lenyewe. Mtu akilikata amefunga biashara yangu.

Tazameni wakubwa wetu wamejulikanaje. Gado ni Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, lakini Kenya nzima inamjua kwa herufi nne anazotia kwenye mchoro. Maddo ni Paul Kelemba, na wengi wanaompenda hawajawahi kusikia jina hilo la pili. Wasomaji wa Taifa Leo waliofuata kibonzo cha Juha Kalulu miaka nenda miaka rudi walijua mkono ni wa Edward Gitau. Gazeti lilikuwa na mhariri na nafasi finyu, lakini sahihi iliachwa ikae. Leo mtu ana simu na nafasi isiyoisha, anashindwa kuacha sahihi yenye ukubwa wa ukucha?

Jambo hili lina historia chungu hata huko vibonzo vilikokuwa biashara kubwa. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Marekani, waliuza haki zote za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Walipoishtaki kampuni iliyozinunua mwaka 1947 majina yao yakaondolewa kwenye kazi waliyoibuni. Mpaka 1975, sinema kubwa ikiwa inaandaliwa na wao ni wazee wenye dhiki, ndipo wachoraji wenzao, akiwemo Neal Adams na Jerry Robinson, walipopiga kelele hadharani. Kampuni ikakubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao. Bill Finger, aliyeshiriki kumbuni Batman tangu 1939, alikufa 1974. Jina lake lilikubaliwa rasmi 2015. Miaka 41 akiwa kaburini! Ndiyo maana wachoraji saba waliojitenga na kampuni kubwa mwaka 1992 wakaanzisha kampuni yao, Image Comics, walisisitiza kwamba anayebuni ndiye mwenye mali. Kujichapishia kwetu kuna mzizi huo huo. Kwa hiyo mtu anapojiita rafiki wa vibonzo huru kisha anakata jina, anafanya kile kile kilichotufanya tukimbilie kujichapishia.

Sasa sheria, maana msimamizi alinitupia neno la pili: "Hata hivyo, bango la mwaka jana tulikulipa." Ni kweli walinilipa, na kwa bango lile wana hoja, na wachoraji wenzangu mnapaswa kuijua hoja hiyo vizuri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Someni hapo tena. Ukikubali kazi kwa ujumbe wa simu, "nichoree bango, nitakutumia kitu kwa M-Pesa", bila kuandikiana, unaweza kuwa umetoa kila kitu. Andikianeni, hata mistari mitano: hakimiliki inabaki kwa mchoraji, aliyelipa anatumia kwa bango hili tu, si kwa fulana, si kwa vikombe.

Lakini hadithi ya msichana wa Dunga hakuna aliyeiagiza. Niliibuni mimi na mwenzangu, na hakimiliki ilikuwa yetu tangu ilipokaa kwenye karatasi, bila kusubiri cheti. Kujiandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki kunasaidia kuthibitisha, si sharti la kumiliki. Na hata lile bango walilolipia, kifungu cha 32 kinamwachia mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ni yeye aliyetunga, na haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa, hata baada ya haki za biashara kuhama. Umelipa, sawa, tumia. Jina hukununua.

Wanajua haya. Wanajua pia kwamba wengi wetu hatuna hela ya wakili, ndiyo maana wanajibu kwa ujeuri.

Ninachotaka si kikubwa. Picha irudishwe ikiwa nzima, majina mawili yaandikwe pale pale juu ya maelezo na si kwenye maoni ya chini, na waeleze wafuasi wao kwamba ile ya kwanza ilikatwa. Kama ukurasa haukai vizuri kwenye mraba, wauache urefu wake, simu zinakubali. Mwenye fulana tumeshaongea, atanilipa kwa zilizouzwa na zilizobaki atazitoa sokoni. Yeye, ambaye hakuwahi kujiita mtetezi wa mtu, amekuwa mwepesi kuelewa kuliko wao.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyesema niweke alama kubwa katikati ya picha, nakuelewa, lakini kwa nini msomaji mwaminifu aharibiwe uso wa msichana ili mwizi azuiwe? Nimekaa na ule uso mpaka macho yakakaa ninavyotaka, na nataka watu wauone. Aliyeuliza kwa nini siutaji ukurasa huo: nimewapa nafasi ya kurekebisha kwanza, kwa maandishi. Na aliyesema tuache kutuma kazi kabisa, hapana. Habari zetu zikikosa kusambaa tutakufa njaa, tatizo ni namna zinavyosambazwa.

Wachoraji wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Busia, kokote mliko: wekeni hapa chini ukurasa mmoja mmoja, mzima, bila kukatwa, na jina la kila aliyeufanyia kazi, mchoraji, mwandishi, hadi aliyepaka rangi. Wasomaji, mkipenda kazi ya mtu mwandikieni yeye moja kwa moja.