Wanafunzi waliokwama hosteli kipindi cha zuio: tuanze na dodoso au na vyumba?

Mlezi_wa_Bloki
Wadau, naomba mawazo. Chuo kimefungwa kwa sababu ya mlipuko wa ugonjwa, masomo yamehamia mtandaoni. Waliobaki hosteli ni wale walioshindwa kusafiri: watu 120, wanne kwa chumba, meza moja, dirisha moja. Kutoka ni kufuata chakula tu. Wengi hawalali, hawaingii vipindini, na baadhi wamenyamaza kabisa. Uongozi unataka tuwatumie dodoso la PHQ-9 (maswali tisa ya kupima dalili za sonona, yaani huzuni iliyozidi hadi kuwa ugonjwa), bila majina ili wawe wakweli. Mshauri nasaha ni mmoja, tena kwa simu. Litatusaidia, au kuna la kufanya kabla yake?

Nasaha
Mkuu, msitume bila majina. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mtu akijibu usiku kwamba anayo karibu kila siku, mtamtafuta wapi kati ya 120? Fomu iwe na namba ya chumba na ya simu, mwanafunzi aambiwe mapema nani ataisoma, na majibu yafunguliwe kila siku, si kila Ijumaa. Jibu lolote lililozidi 0 kwenye swali hilo lifuatiliwe siku hiyo hiyo, hata kama jumla ni 4. Kama hamna mtu wa kazi hiyo, ahirisheni.

Halafu kuna kulisoma. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 ndipo mtu hupelekwa kwa tathmini kamili. Alama pekee hazithibitishi sonona. Wakati wa zuio, swali la 3 (usingizi), la 4 (uchovu), la 5 (hamu ya kula) na la 7 (umakini) hupandishwa pia na kelele za chumbani, mlo usiotosha au maambukizi yenyewe. Tazameni la 1 na la 2, yaani kukosa raha na kujisikia mnyonge. Jumla ya hayo mawili ikifika 3, apigiwe na mshauri kwanza. Yakiwa chini na yale manne juu, anzeni na chumba.

Ratiba
Chumba cha watu wanne huharibikia kwenye usingizi, mengine yakafuata. Kitanda kimegeuka darasa na mahali pa kulia. Kuwalazimisha kulala mapema hakufai kitu. Shikilieni saa ya kuamka, tuseme saa 1 asubuhi, Jumapili ikiwemo, kisha kila mtu apate nusu saa nje. Taa za chumbani mara nyingi hazifiki laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga). Nje, hata kukiwa na mawingu, huzidi 1,000 bila shida, na mwanga huo ndio unaorudisha saa ya mwili mahali pake. Vyumba vitano kwa zamu moja, mnamaliza vyote 30 kwa saa tatu, na walio chumba kimoja hawachanganyiki ovyo na wengine.

Kahawa iishie saa 8 mchana, maana saa tano hivi baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Aliyekosa usingizi kwa dakika kama 20 ainuke, arudi akisinzia. Sasa ainuke aende wapi? Acheni chumba kimoja cha kusomea wazi usiku kucha, madirisha yakiwa wazi na viti vimetenganishwa. La sivyo atabaki kitandani na simu.

Meza igawanywe kwa zamu za dakika 90, ratiba ibandikwe mlangoni. Bila hiyo karatasi, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeimiliki.

Simu_Mbili
Ushauri wa simu hukwamia hapa: wenzake watatu wanasikiliza. Atajibu "niko sawa" mpaka zuio liishe. Mtengeeni nafasi nje au chumba kitupu. Ikishindikana, mshauri aulize maswali ya ndiyo na hapana, au waandikiane ujumbe.

Teueni wapigaji simu 10, kila mmoja watu 12, mara mbili kwa wiki. Wasiulize "unajisikiaje". Waulize: umelala saa ngapi, umekula nini leo, umeongea lini na mtu wa nje ya chumba? Asiyepokea mara mbili siku moja, mtu akagonge mlango. Anayegawa vitu anavyovipenda, anayeaga, au anayesema yeye ni mzigo, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na vitu vya hatari viondolewe, mtaalamu aitwe papo hapo.

Mlezi_wa_Bloki
Asanteni sana. Na wanaosema hawaingii vipindini kwa sababu ya bando?

Ratiba
Waaminini. Video ya kilobiti 600 kwa sekunde hula MB 270 kwa saa. Sauti ya kilobiti 32 hula MB 14 hivi. Kwa saa 15 za vipindi kwa wiki ni GB 4 dhidi ya MB 216. Wahadhiri warekodi sauti na kuweka slaidi pembeni, na mahudhurio yasihesabiwe kwa kamera. Wengi huona heri wasiingie kuliko kuonyesha darasa zima nguo zilizoanikwa kitandani.

Nasaha
Na matangazo yatoke siku na saa ile ile, hata kama hakuna jipya. Ila uongozi usitaje tarehe ya kufungua usiyoweza kuitimiza. Kusogeza mbele tarehe iliyoahidiwa huwavunja moyo kuliko kuambiwa muda mrefu tangu mwanzo.